KARATASI ILIYOKATWA SAWASAWA NI MALI YA MWANACHAMA

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi juu ya uendeshaji na uboreshaji wa mashine za kukatia karatasi



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ushirika msemo huu si pambo la maneno. Mkulima anapofikisha kahawa, pamba au korosho zake kwenye ghala la chama, mali humtoka mkononi, na kinachobaki kwake ni kipande cha karatasi: stakabadhi yenye namba, uzito na tarehe. Tangu saa hiyo mpaka siku ya malipo, karatasi ile ndiyo shahidi wake. Leja ya chama, kitabu cha mwanachama, hati ya kupokelea mazao na taarifa ya mkutano mkuu, vyote husimama juu ya karatasi.

Hata hivyo ni wachache wanaouliza karatasi hiyo ilikatwa wapi, na nani, na kwa hasara gani. Swali hilo si la mafundi peke yao. Chama kikuu chenye kiwanda chake cha chapa hununua karatasi kwa fedha za wanachama. Chama kinachompa kazi mpiga chapa wa nje hulipa vilevile, kwa kuwa hasara ya mpiga chapa haikai kwake. Huingia katika bei. Kila karatasi inayotupwa kwenye kapu chini ya mashine imekwisha kulipiwa na mkulima.

Mazungumzo haya yana jambo moja la kuwafikishia wanachama. Mashine ya kukatia karatasi haiboreshwi kwanza kwa kuiongezea kasi, wala kwa kununua nyingine mpya. Huboreshwa kwa kupima, kuandika kilichopimwa, na kuondoa sababu za hasara moja baada ya nyingine.

Karatasi huzaliwa ndefu

Zamani kila karatasi ilitengenezwa peke yake. Fundi alichota rojo la nyuzi kwa fremu yenye wavu, akaliacha lichuje maji, akapata karatasi moja. Mwaka 1799 Mfaransa Nicolas-Louis Robert alipata hataza ya mashine ya kutengeneza karatasi kwa mfululizo bila kukatika. Tangu hapo karatasi imekuwa ikitoka kiwandani kama utepe mpana uliozungushwa kuwa roli, na ikahitajika mashine nyingine ya kuurudisha utepe ule kuwa karatasi moja moja.

Afrika ya Mashariki imeijua kazi hii kwa karibu. Kiwanda cha Webuye, nchini Kenya, kilianza kutoa karatasi mwaka 1974 na kikasimama mwaka 2009. Kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, nchini Tanzania, kilianza mwaka 1985, kikitegemea misonobari ya msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Lakini iwe karatasi imetoka nchini au imeletwa kwa meli, mkataji huipokea katika sura moja: roli zito, kwa kawaida la mamia ya kilo.

Viungo vya mashine

Mashine ya kukatia karatasi inaweza kuelezwa kwa kufuata safari ya karatasi yenyewe. Mwanzoni ipo stendi inayobeba roli, pamoja na breki inayolizuia lisijifungue ovyo. Karatasi hupita juu ya rola za kuinyoosha, kisha hukutana na visu vya mviringo, ambavyo huipasua kwa urefu na kuondoa kingo mbovu za pande zote mbili. Baada yake zipo rola za kuvuta, na mbele ya hizo kisu kikuu, kilichofungwa kwenye silinda inayozunguka, ambacho huikata karatasi kwa kupitia upana wake.

Karatasi iliyokatwa huchukuliwa na mikanda ya kasi, halafu hukabidhiwa kwa mikanda ya polepole, ili karatasi zilaliane kama vigae vya paa. Kama karatasi ya urefu wa milimita 860 inakatwa kwa kasi ya meta 120 kwa dakika, na mikanda ya mwisho inakwenda meta 30 tu, kila karatasi huonekana kwa milimita 215, na sehemu inayobaki hufunikwa na mwenzake. Bila mpango huo karatasi zingefika kwenye kituo cha mwisho kwa kishindo, zikajikunja na kuchanika. Mwisho wa safari zipo mbao za kugongagonga kingo ili rundo likae wima juu ya paleti.

Katika mashine za zamani, urefu wa karatasi hutegemea gia zinazounganisha rola za kuvuta na kisu kikuu. Katika mashine za siku hizi kila upande una mota yake, na kompyuta huzilinganisha. Kanuni haibadiliki: urefu wa karatasi ni kasi ya karatasi ikigawanywa kwa idadi ya mikato ya kisu. Meta 120 kwa dakika zikikatwa mara 200 hutoa karatasi za sentimita 60.

Hasara huanza ghalani

Wengi hudhani hasara huanzia kwenye kisu. Kweli ni kwamba mara nyingi huanza siku roli linaposhushwa kutoka kwenye lori. Na uchukuliwe mfano wa roli la kilo 800 lenye kipenyo cha meta moja. Roli hilo likikwaruzwa na msumari au jiwe kwa kina cha milimita 5 tu, tabaka zote za juu hadi kina hicho zitabidi kuvuliwa. Milimita 5 ni kitu kidogo machoni, lakini kwa kuwa tabaka za nje ndizo ndefu kuliko zote, kinachopotea ni kama asilimia 2 ya roli zima, yaani kilo 16. Jeraha la sentimita 2 hula karibu asilimia 8, yaani kilo zaidi ya 60. Hasara hiyo imekwisha kupatikana kabla mashine haijawashwa.

Kwa hiyo sakafu ya ghala ifagiwe kabla ya roli kushushwa. Roli lisiviringishwe juu ya kokoto, wala kanga lake la nje lisivuliwe mpaka saa ya kazi. Roli lililolazwa ubavu kwa muda mrefu hubonyea na kuwa na umbo la yai; likifungwa kwenye mashine hurukaruka, na karatasi huvutika na kulegea kwa kila mzunguko. Ni afadhali maroli yasimamishwe wima. Linapolazimika kulazwa, liwekewe kabari pande zote mbili, maana kilo 800 zikianza kuviringika hazizuiliki kwa mikono ya mtu.

Breki na mvuto

Karatasi inayokwenda kwenye kisu sharti ivutwe kwa nguvu iliyo sawa tangu mwanzo wa roli hadi mwisho. Mvuto ukizidi, karatasi hukatika; ukipungua, hulegea, hutangatanga kushoto na kulia, na urefu wake hubadilika.

Hapa lipo jambo ambalo mwendeshaji mgeni hulisahau. Roli hupungua kipenyo kadiri linavyokatwa, lakini breki isipoguswa hubaki na nguvu ile ile. Matokeo yake ni kwamba mvuto juu ya karatasi huongezeka. Roli lililoanza na kipenyo cha sentimita 100 likifika sentimita 20, mvuto huwa mara 5 ya ule wa mwanzo. Ndiyo sababu karatasi nyingi hukatika roli linapokaribia kwisha, na mwendeshaji hulaumu karatasi. Mashine mpya hulegeza breki zenyewe. Katika mashine ya zamani, mwendeshaji hana budi kuilegeza kidogo kidogo kwa mkono, akifuata alama zilizochorwa kwenye stendi. Kuchora alama hizo kunagharimu rangi kidogo na saa moja ya fundi, na ni uboreshaji wa kweli.

Visu

Kisu butu hakikatai kazi. Huifanya vibaya kimyakimya. Badala ya kukata nyuzi, huzivunja na kuzing'oa, na nyuzi hizo huwa vumbi. Vumbi huenda pamoja na karatasi hadi kwenye mashine ya kupiga chapa, hukaa juu ya mpira wake, na kila lilipokaa wino haushiki. Hivyo ndivyo namba 8 inavyoweza kusomeka kama 3 kwenye stakabadhi.

Kipimo cha kisu hakihitaji chombo cha gharama. Kitambaa cheusi kikipitishwa kwenye ukingo wa rundo lililotoka kwenye mashine, kisha kikatazamwa penye mwanga, husema kweli yote. Kikitoka cheupe, kisu kimechoka au kimefungwa vibaya. Visu vya mviringo hufanya kazi wawili wawili kama mkasi: cha juu na cha chini sharti viguse kwa wepesi na vipishane kidogo tu. Fundi anayevikaza kwa nguvu ili avifanye vikate zaidi huvimaliza haraka, na vumbi huongezeka.

Ni busara kisu kinolewe kwa ratiba na si kwa kungoja malalamiko. Ratiba yenyewe haitungwi kwa kukisia. Kila kisu kinapofungwa, idadi ya karatasi kwenye kihesabio iandikwe. Vumbi linapoanza kuonekana, idadi iandikwe tena. Baada ya mizunguko michache kiwanda kitajua umri wa kisu kwa kila aina ya karatasi, na kitanoa kabla ya hasara.

Urefu na kona

Karatasi fupi au iliyopotoka kona haionekani kuwa mbovu ikiwa mkononi mwa mtu. Ubovu wake hujitokeza kwenye mashine ya chapa. Mashine hiyo huishika karatasi kwa ukingo wa mbele na kuilinganisha kwa ukingo wa ubavuni. Kingo hizo zisipokutana kwa kona sawasawa, kilichochapwa upande wa pili hakilingani na cha upande wa kwanza, mistari ya leja hupinda, na safu ya kilo huingia katika safu ya shilingi. Kitabu kikienda kukatwa mara ya mwisho, namba ya stakabadhi huweza kuangukia pembeni na kukatwa. Katibu aliyepata kusuluhisha ugomvi kwenye mizani kwa sababu ya stakabadhi isiyosomeka anajua maana ya jambo hilo.

Vipo vipimo viwili rahisi vya kona. Cha kwanza: zichukuliwe karatasi mbili zilizofuatana, moja igeuzwe uso chini, kisha zilinganishwe kwa ukingo mmoja mrefu. Zikiachana kwenye kona, pengo linaloonekana ni mara mbili ya kosa lenyewe, na kwa hiyo hata kosa dogo hujulikana. Cha pili: ipimwe kwa rula ya chuma kutoka kona hadi kona ya mkabala, mara mbili. Karatasi ya milimita 610 kwa 860 iliyo sawa hutoa milimita 1,054 kwa njia zote mbili. Vipimo hivyo vikipishana kwa milimita 3, kona imepotoka kwa milimita 2 hivi.

Sababu za kupotoka hujulikana. Kisu kikuu katika mashine nyingi hukata kwa kufuatana kama mkasi, kuanzia upande mmoja hadi mwingine, na wakati huo karatasi inaendelea kusogea. Kwa hiyo silinda yake huwekwa kwa mshazari kidogo ili mkato utoke wima. Katika mashine za zamani, urefu wa karatasi unapobadilishwa, mshazari huo nao huhitaji kurekebishwa. Mwendeshaji anayebadilisha urefu na kusahau mshazari hukata maelfu ya karatasi zilizopotoka huku mashine ikionekana nzima kabisa.

Urefu nao hubadilika kwa kuchakaa. Rola ya kuvuta yenye kipenyo cha milimita 200 ikilika kwa milimita 1 tu, karatasi ya milimita 860 hupungua zaidi ya milimita 4. Rola hiyo na ipimwe kwa kalipa kila baada ya miezi michache, na kipimo kiandikwe.

Hewa na unyevu

Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, kama mahindi ghalani. Maabara za karatasi duniani hupima kwenye hewa ya nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 50. Kiwanda cha chapa hakiwezi kila mara kuwa na hewa hiyo, lakini kinaweza kujua kiko mbali nayo kiasi gani kwa kutundika ukutani kipimo cha unyevu.

Pwani wakati wa masika, rundo lililoachwa wazi hunywa maji kwenye kingo, na kingo huwa na mawimbi. Bara wakati wa kiangazi hewa kavu huondoa maji kwenye kingo, karatasi hujikunja, na umemetuli huzifanya zishikane kama zilizopakwa gundi. Dawa ya kwanza ni kufunika rundo kwa nailoni mara tu linapotoka mashinani. Dawa ya pili, kwa umemetuli, ni kupitisha karatasi karibu na nyuzi laini za shaba zilizounganishwa na waya wa ardhini, na kuongeza unyevu wa chumba. Roli lililotoka kwenye ghala lenye baridi nalo lisikatwe siku hiyo hiyo. Likae kwanza ndani ya chumba cha mashine likiwa limefungwa.

Mwelekeo wa nyuzi

Katika kutengenezwa kwake, nyuzi nyingi za karatasi hulala kufuata mwendo wa mashine. Karatasi inapopata unyevu hutanuka zaidi kwa kukingama na nyuzi kuliko kwa kuzifuata. Kitabu kizuri ni kile ambacho nyuzi zake huenda sambamba na mgongo wake. Hufunguka na kulala vizuri mezani. Kitabu ambacho nyuzi zimekingama huwa kigumu kufunguka, na kurasa zake hujikunjakunja karibu na mgongo.

Hapa ndipo agizo la katibu linapoingia. Karatasi ya milimita 610 kwa 860, iliyokatwa kwa nyuzi kufuata urefu wa 860, ikikunjwa na kugawanywa hutoa kurasa 8 za A4 ambazo nyuzi zake hufuata upande mfupi. Kwa leja ya A4 inayoshonwa upande mrefu, hilo ni kosa. Karatasi ile ile ikigawanywa zaidi kuwa kurasa 16 za A5, nyuzi hufuata upande mrefu, na kitabu cha stakabadhi kinachoshonwa upande huo hukaa vizuri. Maana yake ni kwamba karatasi ya leja na karatasi ya stakabadhi zinaweza kuhitaji maroli ya upana tofauti, na uamuzi huo hufanywa kabla ya roli kununuliwa. Agizo linalosema "karatasi nyeupe" peke yake halimsaidii mtu. Agizo litaje aina ya kitabu, ukubwa wake, na upande utakaoshonwa.

Kasi si pato

Msimamizi akitaka kuonyesha juhudi, jambo la kwanza analoliwaza ni kuongeza kasi. Na ifanywe hesabu. Mashine inapasua roli la upana wa milimita 1,240 kuwa karatasi mbili za 610, kila moja ikiwa na urefu wa 860. Zamu ni ya saa 8, yaani dakika 480. Na ichukuliwe kwamba mashine inakwenda meta 120 kwa dakika, lakini kwa kubadilisha maroli, kuondoa karatasi zilizokwama na kurekebisha, inasimama dakika 150. Asilimia 8 ya karatasi hutupwa. Mwisho wa zamu karatasi nzuri ni kama 84,700.

Na ichukuliwe kwamba zamu ya pili inapunguza kasi hadi meta 110. Kwa mwendo huo tulivu, kwa visu vikali na maandalizi mema, mashine inasimama dakika 90 tu, na taka ni asilimia 4. Karatasi nzuri huwa karibu 95,800. Mashine iliyokwenda polepole imetoa karatasi 11,000 zaidi, sawa na rimu 22. Karatasi hizo zikigawanywa kuwa A5, hutosha vitabu zaidi ya 1,700 vya majani 100. Haraka haraka haina baraka. Katika kazi hii wahenga wanaungwa mkono na hesabu.

Dakika za kusimama ndizo mgodi wenyewe. Mhandisi wa Kijapani Shigeo Shingo alionyesha jambo hilo mwaka 1969 katika kiwanda cha Toyota, pale ambapo mtambo wa tani 1,000 uliokuwa ukichukua saa 4 kubadilishwa kwa kazi mpya ulifikia kubadilishwa kwa dakika 3. Siri yake ilikuwa kutenganisha kazi zinazolazimu mashine isimame na zile zinazoweza kufanywa ikiwa inakwenda. Kwa mkataji wa karatasi maana yake ni hii: roli linalofuata liwe limekwisha kuvuliwa kanga na kusogezwa, shafti yake iwe imekwisha kuingizwa, gundi ya kiungo, spana na paleti tupu viwe mahali pake, vipimo vya kazi ijayo viwe vimeandikwa ubaoni. Mashine ikisimama, kibaki cha kufanya kiwe ni kuunganisha tu. Na kila kiungo kitiwe alama ya karatasi ya rangi, ili kiondolewe kabla hakijafika kwenye mashine ya chapa.

Mkono haurudi

Yote yaliyosemwa juu ya hasara ya karatasi si kitu mbele ya hasara ya kidole. Mashine hii ina visu vinavyozunguka na rola zinazomeza. Ajali hutokea hasa pale karatasi inapokwama na mwendeshaji anaponyoosha mkono kuivuta bila kusimamisha mashine, kwa sababu anaogopa kuchelewa. Kanuni ni moja: mashine izimwe, swichi kuu ifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayetia mkono. Kisha angoje, kwa kuwa silinda ya kisu huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya umeme kukatwa.

Kinga za visu zisivuliwe ili kuharakisha kazi. Kisu kinachotolewa kwenda kunolewa kibebwe ndani ya ala ya mbao. Vumbi la karatasi huwaka upesi. Lifagiliwe au livutwe kwa mashine ya kunyonya, lisipulizwe kwa hewa ya kompresa juu ya mota. Tanzania ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote humtaka mwajiri alinde watu wake. Lakini katika ushirika mwajiri ni wanachama wenyewe. Kamati inayodai rimu zaidi bila kuuliza juu ya kinga na kufuli inadai jambo ambalo haitakuwa tayari kulilipia.

Daftari la mashine

Msemo ulioanza mazungumzo haya unarudi sasa kwa mashine yenyewe. Mashine isiyo na daftari hupoteza mali bila habari. Daftari hilo lahitaji safu chache: tarehe na zamu, namba ya roli na uzito wake, karatasi nzuri zilizotoka, kilo za taka, dakika za kusimama na sababu yake, na kipimo cha kona cha mwanzo na katikati ya zamu. Kwa mwezi mmoja tu daftari hueleza ni sababu ipi inakula zaidi, na hiyo ndiyo itengenezwe kwanza. Baada yake, ifuate ya pili.

Katibu asiye fundi naye anao uwezo wa kukagua. Roli la kilo 800, la upana wa milimita 1,240 na uzito wa gramu 60 kwa meta ya mraba, lina urefu wa karibu meta 10,750. Likikatwa kuwa karatasi za 610 kwa 860, mbili kwa kila mkato, halina budi kukaribia karatasi 25,000, yaani rimu 50, kabla ya kuondoa taka. Kiwanda kikileta rimu 42, katibu ana haki ya kuuliza nyingine 8 zimekwenda wapi, na daftari la mashine liwe na jibu.

Na mizani ile ile inayopima kahawa na pamba inaweza kupima karatasi. Rimu moja ya karatasi 500 za ukubwa huo, kwa gramu 60, ina uzito wa kilo 15.7 hivi. Rimu ya A4 ya gramu 80 hukaribia kilo 2.5. Ikipungua waziwazi, ama karatasi hazikutimia, ama ni nyepesi kuliko ilivyoagizwa. Mkulima hupimiwa mazao yake hadi kilo ya mwisho. Si vibaya naye akampimia anayemuuzia karatasi.

Basi mkutano wa kamati unaofuata, taarifa ya kiwanda cha chapa itakaposomwa, na yaulizwe maswali manne. Kilo ngapi za karatasi ziliingia, na ngapi zilitoka zikiwa nzuri? Mashine ilisimama dakika ngapi, na kwa sababu gani? Visu vilinolewa lini? Na je, kinga zote ziko mahali pake? Chama kinachopata majibu ya maswali hayo kila mwezi kitakuwa kimeanza kuiboresha mashine yake, hata kabla ya kununua spana moja.